Wasiookota Makopo

Nimeombwa nizungumze juu ya kuyatambua na kuyatibu magonjwa ya akili yanayotusumbua zaidi, pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Nimekubali kwa sababu nimechoka kukutana na watu miaka mitano baada ya siku niliyopaswa kukutana nao.

Nianze na mtu mnayemjua nyote. Kila mji una wake. Amevaa makoti matatu katikati ya Februari, anahutubia nguzo ya umeme, mgongoni ana kiroba cha chupa tupu. Ukimwuliza yeyote humu ndani mgonjwa wa akili ni nani, picha inayomjia ni hiyo. Hata lugha yetu imeikubali picha hiyo, maana kijana akisoma sana anaambiwa na shangazi yake, "Wewe, utakuja kuokota makopo." Basi tumejifunza kuutambua ugonjwa wa akili kwa dalili moja tu, tena ya mwisho kabisa. Ni sawa na kusema kisukari tutakitambua mguu ukishakatwa.

Kazi hii ya tiba nimeifanya miaka ishirini na minane. Waokota makopo niliowahudumia nawahesabu kwa vidole. Wengine wote walikuja wamechana nywele, wamevaa vizuri, na wakaniambia tumbo linawauma.

Kulikuwa na mama mmoja, muuza vitumbua. Katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi wakati ule, mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, lile la kurasa arobaini na nane, na kila anayemwona aliandika humo. Nililifungua daftari la mama yule nikakuta kurasa saba zimejaa ndani ya miezi mitano. Ukurasa wa kwanza: kichwa kinauma utosini, malaria. Wa pili: moyo unakwenda mbio, presha, apumzike. Wa tatu: tumbo linawaka moto, vidonda vya tumbo. Wa nne malaria tena, na kipimo hakikuonyesha malaria, lakini dawa aliandikiwa. Kisha mkojo mchafu, kisha minyoo, kisha "mwili kukosa nguvu, apewe vitamini." Safari hiyo ya saba alikuwapo mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kwa mafunzo, binti ambaye bado hajafundishwa kuwa na haraka. Akamwuliza, "Mama, unalala?"

Mama yule alilia kabla hajajibu. Alikuwa anaamka saa nane usiku, kila usiku, na halali tena. Vitumbua alikuwa akivipika kwa mazoea ya mikono tu. Alimweleza yule binti kwamba mjukuu wake anapocheka, yeye huisikia sauti kama inatoka nyumba ya jirani.

Kati ya zile kurasa saba, nne zilikuwa na mwandiko wangu.

Sasa tuliangalie neno *mawazo*. Mswahili akisema "fulani ana mawazo," hana maana kwamba fulani ni mwanafalsafa. Ana maana kwamba kuna jambo linamzunguka kichwani kama nzi kwenye chandarua, halitoki na halitulii. Washona wa Zimbabwe wanalo neno lao, *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, na juu ya neno hilo daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alijenga tiba nzima. Alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia haikuwa na nauli ya kumrudisha kliniki. Mwaka 2006, huko Mbare katika jiji la Harare, akaanza kazi na wanawake wazee 14. Hakuwa na chumba, hakuwa na wauguzi wa kumsaidia, kwa hiyo wazee wale walikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Mwanzoni benchi liliitwa kwa jina lenye maneno ya afya ya akili, na watu wakaliepuka. Wazee wenyewe ndio waliomwambia abadilishe jina, likawa benchi la urafiki.

Bibi anamwuliza mgeni maswali 14 ya dalili. Halafu wanachagua tatizo moja kati ya yote aliyonayo, moja tu, na kutafuta hatua ambayo anaweza kuichukua wiki hiyo. Kodi ya nyumba, au mume aliyehama, au mtoto aliyefukuzwa shule. Wiki inayofuata wanaulizana imekuwaje. Utafiti wao ulichapishwa Desemba 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kliniki 24 zenye washiriki 573 ziligawanywa kwa bahati nasibu, na baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona upande wa benchi walikuwa kama 14 katika kila 100, ilhali upande wa huduma ya kawaida walikuwa 50. Mimi na wenzangu wenye shahada tulipoisoma taarifa ile, baadhi yetu tulinyamaza kidogo.

Kwa hiyo msiniambie hatuna madaktari. Kweli hatuna wa kutosha, lakini mama wa vitumbua hakuhitaji daktari bingwa ili atambuliwe. Alihitaji maswali mawili, na nitawapa bure. Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukijisikia mnyonge au kukata tamaa? Katika wiki hizo hizo, umekosa hamu au furaha katika mambo uliyoyapenda? Akikubali hata moja, endelea: usingizi, chakula, nguvu, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili hata kwenye swala au kwenye taarifa ya habari. Dalili zikiwa nyingi, zikidumu siku nyingi za wiki hizo mbili na kumzuia kazi zake, hiyo inaitwa sonona. Ina jina na ina tiba.

Watu huniuliza tofauti ya sonona na huzuni ya kawaida. Vitabu vina majibu marefu, ila mimi huangalia matanga. Aliyefiwa analia kweli, lakini watani wakifika na vituko vyao, wakadai marehemu ameondoka na deni la ng'ombe wao, utamwona anacheka na machozi yangali shavuni. Huzuni yake ina milango. Mwenye sonona utani haumfikii. Si kipimo cha maabara, na wako wenye sonona wanaocheka vizuri kuliko mimi. Hata hivyo kimenisaidia mara nyingi.

Sasa swali la tatu, ambalo wengi wenu mngependa nilipite. Ni swali la kifo.

Tunaogopa kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua tukidhani tutamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Si kweli. Tafiti zimeliangalia jambo hili na hazikuona kwamba kuuliza kunamsukuma mtu. Wengi huona nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu. Unapanda ngazi polepole: Umechoka na maisha? Kuna wakati unaona bora ufe? Umefikiria namna ya kufanya? Umeshapanga siku, umeshakitafuta kitu chenyewe? Anayejibu ndiyo kwenye ngazi ya juu haachwi peke yake usiku huo, na kile kitu kinaondoka nyumbani. Kwetu mara nyingi ni sumu ya shambani iliyowekwa chini ya kitanda karibu na mbegu. Msidharau hatua hiyo ndogo. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali za wadudu moja baada ya nyingine, kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70 katika miaka 20 tangu 1995. Msukumo wa kujiua aghalabu ni wa saa chache, na kitu kikiwa mbali, saa hizo hupita.

Sheria nazo zimechangia ukimya wetu. Familia inamleta mtoto amekunywa sumu, inaapa kwamba alidhani ni soda, kwa sababu inaogopa polisi. Kenya imepiga hatua: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Mgonjwa aliyetoka mdomoni mwa kaburi hakuwa na haja ya kupitia mahabusu kwanza.

Dawa. Ya sonona inayotumika sana siku hizi ni fluoksetini, miligramu 20, kidonge kimoja asubuhi. Kabla ya kuitoa, uliza kama mgonjwa amewahi kuwa na kipindi cha kinyume chake, siku nyingi bila usingizi na bila uchovu, maneno mengi, fedha zinamwagika, mipango ya kununua meli. Kama kipo, huo ni ugonjwa wa hisia zenye ncha mbili, na dawa hiyo ikitolewa peke yake yaweza kumrusha juu. Kama hakipo, mpe, na umweleze ukweli: wiki ya kwanza utaniona mwongo. Tumbo litachafuka, usingizi utakatika, na huzuni itakuwa palepale. Nafuu huanza kati ya wiki ya pili na ya nne. Akishapata nafuu, anaendelea miezi sita hadi tisa, kisha inapunguzwa kwa utaratibu. Hapo ndipo tunapowapoteza, na lawama naitupia dawa ya mseto ya malaria: siku tatu umemaliza, homa imekwisha. Imetuharibia mazoea. Tunadhani kila dawa ina siku tatu.

Zahanati nyingi bado zina amitriptilini, dawa ya zamani inayofanya kazi. Lakini kwa anayetaka kufa, vidonge vya mwezi mzima ni silaha, maana vikinywewa pamoja vinasimamisha moyo. Mpe vya wiki moja, na vikae kwa dada yake.

Wasiwasi uliopitiliza nitaupita haraka kwa sababu ni ndugu wa sonona, hukaa nyumba moja. Anayekimbizwa hospitali usiku akidhani moyo unasimama, vidole vinakufa ganzi, pumzi haitoshi, na vipimo vyote viko sawa, usimwambie "huna kitu." Ana kitu. Mwambie hofu ina mwili.

Na wale wanaosikia sauti? Kwanza tuwe wanyenyekevu mbele ya mwili. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo hajui kama ni usiku au mchana, anaongea hovyo kisha anasinzia, kisha anaongea tena: huyo kwanza huenda ana malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, au sukari imeshuka, na kama ni mzazi wa siku tano, yawezekana ana usaha tumboni. Mpime kabla ya kumwita kichaa na kabla ya kumwita shehe au mchungaji. Skizofrenia haiji hivyo. Huja polepole kwa kijana wa miaka kumi na tisa au ishirini na tano ambaye anajitenga, anaacha kuoga, anazima redio kwa sababu inamtaja jina, anakataa chakula cha mama yake. Anajua leo ni Jumanne. Ila anajua pia kwamba majirani wanamsoma mawazo.

Dawa za ugonjwa huo zilianza kupatikana mwaka 1952 huko Paris, pale kloropromazini ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa akili. Tunayo mpaka leo. Tunayo pia haloperidoli, na hapa nina deni la kulipa hadharani.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwanzishia kijana mmoja haloperidoli. Alikuwa amefungwa kamba, mama yake amechoka, na baada ya siku mbili akatulia. Nilifurahi, nikamwandikia vidonge, nikamruhusu. Sikuwaonya juu ya lolote. Usiku wa siku iliyofuata shingo ilipinda ikagoma kurudi, macho yakageukia dari, ulimi ukatoka nje. Mjomba akasema nini? Akasema jini limekasirishwa na dawa za hospitali. Mimi mwenyewe ningekuwa pale bila kusoma, ningesema vivyo hivyo. Walimpeleka mbali, akakaa kwa mganga miezi mingi, na alirudi kwangu ana makovu ya minyororo kwenye vifundo vya miguu.

Yale ni madhara ya dawa yanayojulikana sana, misuli inajikaza. Huwapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo. Sindano ya promethazini, au kidonge cha benzheksoli ambacho wengi hukiita Artane, huifungua shingo, na kwa sindano ni suala la dakika tu. Laiti ningemwambia mama yule maneno sita: shingo ikipinda, ni dawa, mrudishe, tutaifungua. Sina ugomvi na mganga, wala na maombi. Ninachoiomba familia ni kimoja: kule muendako, dawa isikatwe. Mchungaji aliyeniudhi ni yule anayemtaka mgonjwa athibitishe imani yake kwa kutupa vidonge. Kuna wakati sindano ya mara moja kwa mwezi inatuokoa na mabishano hayo yote.

Tuje kwenye pombe. Daktari wa Marekani, John Ewing, alitunga maswali manne mafupi, na kwa bahati Kiswahili cha vilabuni kinayo majibu yake. Umewahi kuona upunguze kunywa? Watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema juu ya pombe? Umewahi kujiona una hatia? Na la nne: asubuhi, unazimua? Wanaume wanaokana yale matatu ya kwanza kwa uso mkavu, hilo la nne hulijibu kwa tabasamu, maana *kuzimua* kwao ni jambo la kawaida kama chai. Anayehitaji kuzimua ili mikono iache kutetemeka, mwili wake umeshaizoea pombe kiasi kwamba kuiacha ghafla ni hatari.

Sisi wa pwani tunajua wiki ambayo hatari hiyo hujitokeza. Ni wiki ya kwanza ya Ramadhani. Mwanamume aliyekunywa gongo au mnazi kila siku kwa miaka kumi anaona mwezi umeandama, anatia nia, anaacha usiku uleule. Nia njema kabisa. Siku ya kwanza jasho na kutetemeka, na watu wanasema ni swaumu. Siku ya pili anaanguka kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho. Siku ya tatu anaona siafu wanapanda ukutani, anaongea na marehemu baba yake, mapigo ya moyo yanapaa, na nyumba nzima inasema shetani wa pombe anamtoka. Hatoki mtu hapo. Hiyo ni hali ya dharura, na bila matibabu huua. Tiba yake ni diazepamu kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, maji ya kutosha, na vitamini B1, ambayo inatangulia kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu ukimtundikia mlevi wa miaka mingi sukari peke yake waweza kuuharibu ubongo wake wakati unadhani unamsaidia.

Jambo hilohilo hutokea wodini. Mtu amelazwa kwa kuvunjika mguu, hakuna aliyemwuliza kuhusu pombe, siku ya tatu anang'oa dripu na anataka kuruka dirishani. Anafungwa kwenye kitanda na kwenye faili panaandikwa "amechanganyikiwa." Swali moja wakati wa kulazwa lingetosha. Anayetaka kuacha kwa ajili ya mwezi mtukufu na aache, Mungu ampe nguvu, ila afike kituo cha afya wiki mbili kabla.

Nimebakiza unga, yaani heroini, na hapa nitakaa kidogo.

Heroini ilianza kuonekana miji ya pwani yetu miaka ya 1980. Hutoka Afghanistan, hupakiwa kwenye majahazi pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, kisha huteremka kwa njia zilezile za bahari tunazozijua tangu enzi za pepo za kaskazi. Iliyokuja mwanzoni ilikuwa ya kahawia, watu wakaivuta. Kuelekea mwaka 2000 ikaingia nyeupe, ambayo huyeyuka upesi kwenye maji bila kuhitaji moto. Mabadiliko hayo ya rangi ndiyo yaliyoleta sindano maskani, na sindano ikaleta Virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Wazazi wengi waliwalaumu watoto wao kwamba wamezidi uhuni. Ukweli ni kwamba bidhaa ilibadilika.

Mzazi anayetaka kujua aangalie alosto, hali ya mwili kukosa unga. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, mtoto anapiga miayo mfululizo, makamasi na machozi yanatoka bila mafua, ngozi inasimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa, tumbo linaharisha, mifupa inauma, mboni za macho zimetanuka. Huibi simu ya mama yako ili ustarehe. Unaiba ili hali hiyo ikome. Alosto yenyewe ni nadra kuua. Kinachoua ni kinyume chake: amezidisha, mboni zimekuwa kama ncha ya pini, anapumua mara chache, midomo imebadilika rangi. Mlaze ubavu, ita msaada, mpulizie pumzi kama imekatika, na hospitali wana naloksoni inayoweza kumwamsha ndani ya dakika chache. Maziwa na maji ya chumvi hayafanyi kitu.

Wanaokufa zaidi ni akina nani? Ni wale waliotoka jela, au waliotoka nyumba ya kuachia dawa baada ya miezi minne wakiwa wamenenepa na familia imechinja mbuzi. Mwili umesahau unga, lakini mkono unakumbuka kipimo cha zamani. Ndiyo maana mimi, pamoja na heshima yangu yote kwa nyumba za kuachia dawa, simwambii mtu kwamba kuacha kwa kukaza meno ndiyo njia ya kiume.

Ipo methadoni. Mwaka 1965 Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo ya kuwapa waraibu wa heroini dawa hii ya kunywa, inayokaa kwenye milango ileile ya ubongo ambako unga hukaa, lakini huingia taratibu na kudumu mwilini zaidi ya siku nzima. Mtu halewi, na alosto haiji. Mauritius ilianza 2006, na Februari 2011 Muhimbili ikafungua kliniki ya kwanza ya serikali katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, na Zanzibar ikafungua yake Kidongo Chekundu. Siku ya kwanza mgonjwa hupewa kiasi kidogo, miligramu 20 au 30, kwa sababu dawa hujikusanya mwilini na haraka yaweza kuua. Inapandishwa kwa wiki kadhaa. Wengi hutulia kati ya 60 na 120.

Naambiwa, "Daktari, si mmembadilishia ulevi tu?" Nami nauliza, anayechoma insulini kila siku amebadilishiwa nini? Mtu anaamka, anakunywa dozi, anakwenda kusukuma mkokoteni, jioni anarudi na unga wa sembe badala ya unga ule. Kama huo ni ulevi, nautaka uenee.

Lakini nayo inataka akili. Kijana mmoja alikuwa ametulia miligramu 80 kwa mwaka. Akapata kifua kikuu, kliniki nyingine ikamwanzishia dawa. Baada ya wiki mbili akaja kwetu anatokwa jasho, analalamika dozi haitoshi. Mfanyakazi mmoja akamwambia ameanza ujanja. Wiki iliyofuata mkojo wake ulikutwa na unga, na kikaitwa kikao cha kumwonya. Hakuna aliyefungua daftari lake la kifua kikuu. Rifampisini, ile dawa inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hulifanya ini liichome methadoni kwa kasi, na kijana alikuwa katika alosto ya kweli mbele ya watu waliosomea alosto. Alipoongezewa dozi alitulia. Nakumbuka alivyosema: "Niliwaambia."

Wanawake kwenye foleni ya methadoni ni wachache, na si kwa sababu hawatumii. Foleni ni ya asubuhi, saa ya kumpeleka mtoto shule. Na mwanaume akipona unga anaitwa mfano wa kuigwa, ilhali mwanamke anaulizwa alikuwa analala wapi.

Mnajua methadoni inavyotolewa? Kuna dirisha dogo. Unataja namba yako, nesi anapima kwenye kikombe, unakunywa mbele yake, kisha anakuambia useme neno. Lolote. Ni utaratibu wa kuhakikisha umemeza, maana mdomo uliobana dawa ili ukauzwe nje hauwezi kuongea. Wengi husema "asante" wakaondoka. Nesi mmoja niliyefanya kazi naye alikuwa na desturi yake: badala ya "sema neno" aliuliza, "Umeamkaje?" Jibu ni "salama," na foleni inasogea.

Asubuhi moja mwanamke wa miaka kama thelathini, mwaka wa pili kwenye dawa, mkojo safi muda wote, alimeza, akaulizwa ameamkaje, akasema, "Sijalala, kwa hiyo sijaamka." Nesi akafunika chupa. Akamwuliza tangu lini. Akamwuliza kama kuna kinachompa furaha. Akashuka kwenye kiti chake kirefu, akatoka kwa mlango wa nyuma, akamshika mkono, wakaenda kukaa kwenye ngazi chini ya mwarobaini, na kule akamwuliza swali la tatu.

Nyuma yao watu arobaini walipiga kelele kwamba wanachelewa kazini.